Nafasi za Utafiti Baada ya Uzamivu katika Sayansi ya Nyenzo: Kundi la Profesa, Ufadhili wa Jina Lako, Taasisi ya Utafiti au Kiwanda?

Makala haya ni ya mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu, au anayekaribia kuimaliza, katika sayansi ya nyenzo na uigaji wa kompyuta. Tuseme umeshughulika kwa miaka kadhaa na namna ioni za lithiamu zinavyopita ndani ya elektrolaiti ngumu, au na nyufa zinazoanzia kwenye mipaka ya punje za aloi, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda. Sasa unatafuta nafasi ya utafiti ya miaka 2 au 3 kabla ya ajira ya kudumu, na umekwama njia panda kwa sababu matangazo yanafanana. Yote yanadai machapisho, yote yanataja Python na DFT (njia ya kukokotoa tabia za nyenzo kutokana na elektroni zake), yote yanamtaka mtu anayejituma. Ukiyachimba ndipo unapoona kwamba yamebeba aina nne tofauti za kazi.

Aina ya kwanza ni kuajiriwa katika kundi la profesa chuoni, mshahara ukitoka kwenye ruzuku aliyoishinda yeye. Ya pili ni ufadhili unaouomba na kuupata kwa jina lako mwenyewe, kama ule wa Marie Skłodowska-Curie (MSCA) wa Umoja wa Ulaya, wa Wakfu wa Alexander von Humboldt nchini Ujerumani, au wa JSPS, shirika la kuendeleza sayansi nchini Japani. Ya tatu ni maabara za taifa na taasisi za utafiti: Argonne na Oak Ridge nchini Marekani, taasisi za Max Planck na kituo cha Jülich nchini Ujerumani, NIMS, taasisi ya taifa ya sayansi ya nyenzo ya Japani, mjini Tsukuba, au ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964. Ya nne ni nafasi za muda ndani ya idara za utafiti za makampuni.

Vigezo

Nitazipima zote kwa mambo sita: swali la utafiti ni la nani, muda na hadhi ya mkataba, saa za kompyuta, programu na msimbo, malezi, namna ya kuingia, na mlango wa kutokea.

Swali nimeliweka mbele kwa makusudi. Wengi huanza na mshahara na jina la chuo, na sidharau lolote kati ya hayo. Lakini ninavyoona mimi, kinachoamua zaidi utakuwa wapi miaka 5 baadaye ni kama utaondoka na swali lako, data yako na msimbo wako, au utaondoka na orodha ya makala peke yake.

Swali ni la nani?

Katika kundi la profesa, swali lilishaandikwa kabla hujafika. Kama ruzuku iliahidi vichocheo vya kuzalisha hidrojeni, utakokotoa nishati za hidrojeni inaponata kwenye nyuso za metali, na ripoti ya mwaka itauliza umefikia wapi. Hili lina faida yake. Siku ya kwanza unakuta fedha, washirika wa maabara wanaotengeneza sampuli, na tatizo ambalo waamuzi wa ruzuku wameshakubali kwamba lina maana. Kwa mtu ambaye uzamivu wake ulikuwa finyu, kupewa swali zuri lililokomaa ni zawadi. Ugumu unakuja mwishoni: swali hubaki na kundi, kwa kuwa profesa anategemea kuliendeleza. Kwa hiyo kwenye usaili uliza waziwazi: "Nikiondoka, ni sehemu gani ya kazi hii nitaweza kwenda nayo?" Profesa anayewalea watu wake huwa na jibu, na mara nyingi atakutajia waliotangulia na walichoondoka nacho.

Ufadhili wa jina lako unaanza na andiko ulilolitunga wewe. Ni kweli hulitungi hewani, maana ni lazima liende na mwenyeji wako na vifaa alivyonavyo, lakini hoja kuu inajulikana kuwa yako. Faida nyingine haisemwi sana: unaweza kugeuza njia. Fani hii inakwenda mbio. Mwaka 2023 watafiti wa Google DeepMind walitangaza, kupitia mfumo wao wa GNoME, miundo mipya ya fuwele milioni 2.2, na kati yake takriban 380,000 ikakadiriwa kuwa imara. Mtu aliyekuwa ameahidi kuchambua fuwele moja moja kwa DFT alilazimika kujiuliza upya kazi yake ina nafasi gani. Aliyekuwa na ufadhili wake aliweza kuhamishia nguvu kwenye kuhakiki miundo hiyo, au kwenye swali la ipi inaweza kutengenezwa kweli maabara. Aliyefungwa na hatua zilizoahidiwa kwenye ruzuku ya mtu mwingine alihitaji ruhusa kwanza.

Maabara za taifa zina maswali mapana ya taasisi: betri, nishati ya nyuklia, metali zinazostahimili joto kali, nyenzo za kwanta. Unapewa kona yako ndani ya lengo kubwa. Hata hivyo nyingi zina ufadhili maalumu unaompa mtafiti kijana ajenda yake mwenyewe. Argonne ina ule wa Maria Goeppert Mayer, Oak Ridge ina wa Eugene Wigner, Livermore ina ufadhili wa Lawrence, na NIMS ina kituo cha ICYS kinachowapokea watafiti vijana wafanye kazi kwa kujitegemea. Hizi ni nafasi za aina ya tatu zenye moyo wa aina ya pili, na ni chache, zenye ushindani mkali.

Kiwandani swali ni la kampuni. Makala yako itapita kwa wanasheria kabla ya kwenda kwenye jarida, na sehemu nyingine haitatoka kamwe. Unachokipata badala yake ni swali lenye mwisho: aloi hii itahimili au haitahimili, polima hii itashika au haitashika, na mtu ataitengeneza kweli kwa kufuata ulichokokotoa. Tusidhani pia kwamba kampuni hazifanyi sayansi ya msingi. Hadubini ya kwanza iliyoweza kuona atomu moja moja juu ya uso wa nyenzo kwa mkondo wa elektroni zinazopenya ilibuniwa mwaka 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zürich, na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wakatunukiwa Nobel mwaka 1986.

Muda na hadhi ya mkataba

Mkataba wa kundi la profesa kwa kawaida ni wa mwaka 1 au 2, na huongezwa ruzuku ikiruhusu. Usiulize tu mkataba wako unaisha lini. Uliza ruzuku yenyewe inaisha lini, kwani hiyo ndiyo tarehe halisi. Nchini Ujerumani utalipwa kwa ngazi za utumishi wa umma, mara nyingi E13, na sheria ya mikataba ya kisayansi huweka kikomo cha miaka 6 ya mikataba ya muda baada ya uzamivu. Miaka hiyo inahesabika ukifanya kazi chuoni au kwenye taasisi ya utafiti, kwa hiyo itumie kwa hesabu.

Ufadhili wa MSCA ndani ya Ulaya ni wa miezi 12 hadi 24. Ule wa kimataifa, ambao ni kwa raia na wakazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya na nchi shiriki, hufika miezi 36 ukijumlisha mwaka wa kurudi Ulaya. Humboldt hutoa miezi 6 hadi 24. JSPS ya kawaida hutoa miezi 12 hadi 24 kwa posho ya yeni 362,000 kwa mwezi.

Hapo kwenye neno posho simama kidogo. Ufadhili wa MSCA kwa kawaida hulipwa kupitia mkataba wa ajira, na taasisi mwenyeji ndiyo mwajiri wako. Humboldt na JSPS hutoa posho, nawe si mwajiriwa wa mtu. Tofauti hiyo hugusa michango ya uzeeni, malipo ukikosa kazi baadaye, na haki za uzazi. Posho inayoonekana nono inaweza kuwa na upungufu ambao mwenye familia atauhisi mapema, ingawa MSCA na Humboldt zote huongeza kiasi kwa wenye familia. Kabla ya kulinganisha tarakimu mbili, kwanza zifanye zifanane: baada ya kodi, baada ya bima, na kwa gharama za maisha za mji husika.

Maabara za Marekani huajiri mwaka hadi mwaka, kwa kawaida hadi miaka 3, na kwa jumla hulipa kuliko vyuo. Mgeni wa viza ya J-1 ya mtafiti anaweza kukaa hadi miaka 5, lakini baadhi ya wenye viza hiyo hutakiwa kurudi kwao na kukaa miaka 2 kabla ya kuweza kupata viza ya kazi ya H au ukazi wa kudumu. Nyaraka zitakuonyesha kama sharti hilo linakuhusu. Lisome kabla ya kusaini, kwa kuwa linaweza kubadili mpango wako wote wa baadaye.

Kampuni hulipa vizuri na kwa mkataba wa ajira wa kawaida, ila mradi unaweza kufungwa ghafla mkakati ukibadilika.

Saa za kompyuta, programu na msimbo

Hapa ndipo watu wa uigaji wanapotofautiana na watafiti wengine wa baada ya uzamivu, na nashangaa jinsi kigezo hiki kinavyosahaulika kwenye usaili.

Hesabu za DFT kwa njia ya kawaida hupanda kwa mchemraba wa ukubwa wa mfumo. Ukiongeza atomu mara 2, kazi huongezeka takriban mara 8; ukizifanya mara 10, ni mara 1,000. Kwa hiyo saa za kompyuta ulizonazo ndizo zinazoamua kama utachunguza fuwele safi ya atomu 60 au mpaka halisi wa punje wenye atomu 600. Modeli za nguvu za atomu zilizofunzwa kwa ujifunzaji wa mashine, ambazo mizizi yake ya kisasa ni kazi ya Jörg Behler na Michele Parrinello ya mwaka 2007, zimepunguza mzigo huo sana. Lakini nazo zinahitaji data ya DFT ya kuzifunza, na GPU, chipu zinazofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja, za kuziendesha.

Kwenye kundi la profesa, uliza wana klasta yao (kompyuta nyingi zilizounganishwa) au wanategemea ya chuo, na foleni hukaa siku ngapi. Uliza pia kuhusu leseni. VASP, programu iliyozaliwa Vienna na inayotumiwa na wengi, hupewa leseni kwa kundi, na leseni ya kundi lako la zamani haikufuati. Kama kundi jipya halinayo, miezi yako ya kwanza itakwenda kwenye kubadilisha mtiririko mzima wa kazi. Mwenye ujuzi wa programu huria kama Quantum ESPRESSO, CP2K, GPAW au LAMMPS anahama kwa wepesi zaidi. Ningemshauri yeyote aliye mwaka wa mwisho wa uzamivu ajifunze angalau moja kati ya hizo vizuri.

Ufadhili wa jina lako mara nyingi hauji na saa za kompyuta. MSCA hutoa kiasi kwa mwezi kwa gharama za utafiti na mafunzo, ila hakitoshi kununua mashine. Unategemea mwenyeji, au unaomba muda kwenye kompyuta kuu za Ulaya kupitia EuroHPC, mpango wa Ulaya wa kompyuta hizo: LUMI iliyoko Kajaani, Leonardo iliyoko Bologna, MareNostrum 5 iliyoko Barcelona, na JUPITER iliyozinduliwa Jülich Septemba 2025. Maombi hayo ni kazi nyingine ya kuandika, na ni vyema yaanze kabla hujawasili.

Maabara za taifa zinang'aa hapa. Kompyuta kuu ya Frontier ya Oak Ridge ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuvuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde kwenye TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, mwaka 2022. Argonne ina Aurora, na El Capitan ya Livermore ilishika nafasi ya kwanza Novemba 2024. Hata hivyo usichague maabara kwa sababu ya mashine pekee. Programu ya INCITE hugawa muda wa Frontier na Aurora kwa watafiti wa nje pia. Kinachopatikana kwa kuwa ndani ni watu: waliohamisha misimbo mikubwa kwenye GPU wamekaa mlango wa pili, na ukikwama unawabishia hodi. Pili ni vyanzo vya mionzi. Oak Ridge ina chanzo cha nyutroni cha SNS na Argonne ina chanzo cha eksirei cha APS. Mtu wa modeli anayekula chakula cha mchana na mtu wa nyutroni hupata jambo adimu, yaani utabiri wake kupimwa ndani ya wiki chache badala ya kusubiri miaka.

Kiwandani kuna hazina nyingine ambayo chuo hakina: rekodi za majaribio yaliyoshindwa. Majarida huchapisha zaidi kilichofaulu, na modeli iliyofunzwa kwa mafanikio tu haijui mpaka wa kushindwa uko wapi. Kampuni kongwe ya kemikali ina madaftari ya miongo mingi ya michanganyiko iliyokataa. Kwa mtu wa ujifunzaji wa mashine hiyo ni dhahabu, ijapokuwa data yenyewe haitavuka lango.

Kuhusu msimbo, sheria ya jumla ni kwamba unachokiandika kazini ni mali ya mwajiri, iwe chuo, maabara au kampuni. Tofauti iko kwenye desturi ya kuachilia. Taasisi nyingi za utafiti huruhusu leseni huria, na matunda yake yanaonekana. LAMMPS ilikuzwa Sandia, maabara ya taifa ya Marekani, ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2004 na leo inatumiwa duniani kote. ASE, zana ya Python ya kuandaa na kuendesha hesabu za atomu, ilianzia chuo kikuu cha ufundi cha Denmark, DTU. Pyiron, zana ya kupanga mtiririko wa hesabu, ilikuzwa Düsseldorf, katika taasisi ya Max Planck iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa ajili ya utafiti wa chuma, ambayo tangu 2024 inaitwa taasisi ya nyenzo endelevu. Mtafiti aliyeacha alama kwenye chombo cha namna hiyo anaondoka na jina lake likiwa wazi kwenye historia ya msimbo. Omba ruhusa hiyo kwa maandishi mwanzoni, wakati hakuna mtu aliyechoka wala kukasirika.

Malezi

Kundi la profesa linategemea mtu mmoja. Katika kundi dogo utakutana naye kila wiki na makosa yako yataonekana mapema. Katika kundi la watu 30 huenda wewe ndiwe utakayekuwa msimamizi wa kila siku wa wanafunzi wa uzamivu, na hilo ni fundisho zuri la uongozi mradi halili muda wako wote wa utafiti. Waandikie watu wawili walioondoka hapo karibuni na mmoja aliyeondoka zamani. Usiwaulize kama profesa ni mwema. Waulize rasimu zao za makala zilikaa kwake muda gani, na kama aliwaandikia barua za mapendekezo kwa wakati.

Mwenye ufadhili wake anaheshimiwa, lakini anaweza kubaki mgeni. Mwenyeji hajalipa mshahara wako, hivyo hana presha ya kukufuatilia. MSCA hudai mpango wa kukuza taaluma uandikwe kati yako na msimamizi, nao unasaidia ukichukuliwa kwa uzito na pande zote mbili.

Kwenye maabara za taifa utalelewa na wanasayansi wa kudumu ambao hawana madarasa ya kufundisha na wanaijua mbinu moja kwa kina cha miaka 20. Upungufu ni kwamba wanafunzi ni wachache, na atakayeomba uhadhiri baadaye atalazimika kueleza uzoefu wake wa kufundisha ameupata wapi. Kiwandani utajifunza kuacha. Utajifunza lini hesabu inatosha kufanya uamuzi, na namna ya kumweleza mhandisi matokeo yako bila mlinganyo hata mmoja.

Kuingia

Njia ya profesa ndiyo ya haraka zaidi: tangazo au barua pepe ya moja kwa moja, usaili, kisha viza. Barua inayojibiwa ni fupi, inataja makala moja mahususi ya kundi hilo na jambo ambalo ungeliongeza juu yake, na inaambatana na kiungo cha msimbo unaofanya kazi. Barua ya kusifu utafiti wenu mashuhuri haifiki mbali.

Dirisha la MSCA hufungwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba, na majibu hutoka karibu na Februari. Kwa masharti yaliyotumika kwenye miito ya karibuni, unatakiwa uwe na uzamivu kufikia tarehe ya mwisho, uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 baada yake, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwenye miito hiyo, andiko lililopata chini ya asilimia 70 halikuweza kurudishwa mwaka uliofuata na mwenyeji yuleyule. Masharti hurekebishwa, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe na si wa rafiki yako. Ushindani umepanda mno: maombi yalikuwa kama 10,000 mwaka 2024, yakapita 17,000 mwaka 2025. Andiko zuri linaweza kukosa bila kuwa na kasoro, na ningependa kila mwombaji alijue hilo kabla ya Februari.

Humboldt huwapokea waliomaliza uzamivu ndani ya miaka 4, na hakuna tarehe moja ya mwisho kwa mwaka. JSPS huwataka waliomaliza ndani ya miaka 6, na anayewasilisha ombi ni mwenyeji wako aliye Japani, hivyo uhusiano naye unapaswa kutangulia kwa miezi mingi.

Maabara za taifa hutangaza kwa mradi. Taratibu za kuwapokea wageni zinaweza kuchukua muda, na maabara zenye kazi za silaha kama Los Alamos, Livermore na Sandia zina maeneo na nafasi za raia wa Marekani pekee. Kiwandani usaili ni wa kazi hasa: mtihani wa kuandika msimbo, wasilisho mbele ya wahandisi, na maswali juu ya utakachofanya data ikiwa chache.

Kutokea

Nafasi za kudumu vyuoni ni chache kuliko watafiti wanaozisubiri, na njia yoyote kati ya hizi inapaswa kutazamwa kwa ukweli huo. Kundi la profesa hukupa makala na mtandao wake. Profesa anayejulikana akikutetea, milango hufunguka. Akinyamaza, huna mwingine wa kusema. Ufadhili wa jina lako ni ushahidi kwamba unaweza kuandika hoja na kushinda fedha, na kamati za ajira za vyuo zinaupenda ushahidi huo. Maabara za taifa zina njia yao ya ndani, kwa kuwa huwabakiza baadhi ya watafiti wa muda kama wanasayansi wa kudumu, na kutoka hapo kwenda kiwandani si mbali. Kutoka kiwandani kurudi chuoni kunawezekana, ila pengo la machapisho lina maelezo ya kutolewa. Anayependa pande zote mbili azingatie kwamba MSCA ya ndani ya Ulaya huruhusu kuongeza hadi miezi 6 nje ya taaluma ya chuo, kwa mfano kampuni, mwishoni mwa ufadhili.

Nani anafaa wapi

Kundi la profesa linamfaa anayebadili mbinu, mathalani aliyefanya uzamivu wa mwendo wa molekuli na sasa anataka DFT, kwa sababu anahitaji watu wa kumshika mkono na swali lililo tayari. Ufadhili wa jina lako unamfaa mwenye hoja inayomnyima usingizi na mwenye nafasi ya kusubiri miezi. Maabara ya taifa inamfaa anayependa zana, mifumo mikubwa na ukaribu na majaribio kuliko kufundisha. Kiwanda kinamfaa anayeridhika kuona kitu kikitengenezwa hata kama jina lake halitaonekana juu yake.

Kulingana na hali yako

Kama mkataba wako wa sasa unaisha ndani ya miezi 4, usiweke tumaini lako lote kwenye ufadhili wenye dirisha la mwaka. Tafuta kundi la profesa, na ukiwa pale andika ombi lako kwa utulivu. Angalia tu kanuni ya uhamaji: mwaka mmoja katika nchi fulani unaweza kukufungia MSCA ya nchi hiyohiyo.

Kama una mwenzi na watoto, anza na mikataba ya ajira yenye bima, kisha uliza haki ya mwenzi kufanya kazi kwa viza hiyo. Jibu linatofautiana nchi kwa nchi, na limevunja mipango mingi kuliko mshahara.

Kama machapisho yako ni machache lakini msimbo wako ni mzuri, elekea kwenye maabara, taasisi na makundi yanayotunza programu huria. Huko kazi yako inasomeka moja kwa moja, na mchango mmoja uliokubaliwa kwenye programu yao hufungua mazungumzo.

Kama unataka uhadhiri na tayari una makala kadhaa imara, ombi la ufadhili linastahili miezi 3 ya jioni zako. Mtafute mwenyeji mapema. Mwenyeji mzuri atasoma rasimu zaidi ya mara moja, na asiyekuwa na muda wa kusoma rasimu hatakuwa na muda wa kukusimamia.

Kama hujui unataka chuo au kiwanda, kundi lenye mradi wa pamoja na kampuni litakuonyesha pande zote mbili bila kukufunga. Uliza kwenye usaili nani hukutana na kampuni: profesa peke yake, au hata mtafiti.

Na kama profesa amekupa nafasi huku majibu ya ufadhili bado hayajatoka, mwambie ukweli kabla ya kusaini. Wengi hufurahi, kwa kuwa ukishinda, fedha ya ruzuku inabaki na anaweza kumwajiri mtu wa pili. Kubalianeni mapema kwa barua pepe nini kitatokea ukishinda: utahamia ufadhili huo lini, na ni kazi gani ya mradi wake utakayoimaliza kwanza.